Zamu ya Kukaa Mbele

Mazungumzo haya yalitolewa na mmoja wa wasimamizi wetu wa kesi katika kikao cha familia mpya. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nianze na swali. Ni wangapi hapa walipitia Doha? Naona mikono mingi. Mlishuka kwenye ndege na ule mfuko wa IOM wenye karatasi zenu zote, mmeushika kama mtoto mchanga. Watoto wanamkumbuka yule dubu mkubwa wa njano aliyekaa katikati ya uwanja wa ndege, na taa kichwani. Wakubwa wanakumbuka kusubiri. Mji wenyewe hamkuuona. Leo nataka kuwapeleka kwenye barabara za nje ya uwanja ule, maana kuna jambo lilifanyika huko ambalo linagusa nyumba zetu.

Kuanzia 2009 hadi 2016, Qatar ilikuwa na mashindano ya baiskeli ya wanawake, ya siku kadhaa mfululizo. Baiskeli, au kinga, kama tunavyosema kwetu Kongo. Kwetu mama akipanda kinga watu walicheka. Hawa walikuwa wanawake ambao kuendesha ndiyo kazi yao. Leo wanakimbia karibu kilomita mia moja, wanalala, kesho wanaanza tena. Muda wa kila siku unajumlishwa, na mshindi ni mwenye jumla ndogo kuliko wote. Ukiwa wa kwanza leo na kesho ukabaki nyuma sana, ushindi wa leo haukusaidii.

Qatar haina milima. Ni jangwa tambarare, barabara imenyooka, na mtu angedhani ni rahisi. Shida ni upepo. Unavuma kutoka ubavuni, una mchanga ndani yake, na hakuna mti wala nyumba ya kuuzuia. Mwendeshaji aliye peke yake kwenye upepo ule anachoka upesi, hata awe na miguu ya chuma.

Kwa hiyo wanajipanga kwa mshazari, kama kamba iliyovutwa kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili. Upepo ukitoka kushoto, wa kwanza anakaa kushoto kabisa, wa pili nyuma yake kidogo upande wa kulia, wa tatu vivyo hivyo. Kila mmoja anamkinga mwenzake. Yule wa mbele ndiye anayeupokea upepo wote, lakini hakai pale muda mrefu. Baada ya muda mfupi anarudi nyuma kupumzika, na mwingine anashika nafasi yake. Zamu kwa zamu, saa nzima.

Lakini barabara ina upana wake. Safu ikijaa, waliobaki wanabanwa ukingoni, wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine, na upepo unawapiga wote. Wanaong'ang'ania pale wanaachwa mmoja mmoja. Wenye uzoefu hufanya haraka jambo moja: wanaanzisha safu ya pili, yao wenyewe.

Sasa niwaambie habari zangu. Nilifika nchi hii nikiwa na miaka 17, kutoka kambi ya Nyarugusu, pamoja na wazazi na wadogo zangu watatu. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo cha shuleni, kwa hiyo mimi ndiye niliyewekwa mbele. Barua zikija, nasoma mimi. Simu ikilia, napokea mimi. Mwenye nyumba, shule ya wadogo, ofisi ya msaada wa chakula, yote mimi. Watu wa kanisa walinisifu: binti ana nguvu, binti ni baraka. Hakuna aliyesema, binti, rudi nyuma upumzike. Na mimi sikusema nimechoka, kwa sababu niliwaona wazazi wangu wanavyoumia kwa kunitegemea.

Siku moja nilimpeleka mama hospitali kuchukua majibu. Daktari akaniangalia mimi, akaanza kueleza. Hakuna aliyeuliza kama tunahitaji mkalimani, wala sisi hatukujua kwamba tunaweza kumwomba. Maneno mengine sikuyajua. Yale niliyoyajua yalinitisha, sikuweza kuyatoa mdomoni mbele ya mama yangu. Nikamwambia, "Wanasema ni uvimbe mdogo tu, tutarudi baadaye." Mama akafurahi. Hatukurudi kwa miezi minne.

Mama yangu yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini matibabu yalichelewa, na alipata mateso ambayo angeweza kuepushwa. Kwa miaka mingi nililibeba jambo lile kama kosa langu. Siku hizi, nikiwa kwenye kazi hii, naona kwamba mtoto aliachwa mbele ya upepo muda mrefu kupita kiasi. Na ninapoingia kwenye nyumba zenu, nawaona watoto wengine wako palepale nilipokuwa.

Nirudi Doha. Mashindano ya Februari 2016 alishinda Trixi Worrack, Mjerumani wa miaka 34. Machi mwaka uleule alianguka vibaya kwenye mashindano Italia, madaktari wakamtoa figo moja. Agosti alikuwa Rio kwenye Olimpiki. Siwaambii mfanye kama yeye. Figo zenu zitunzeni. Ninachotaka mkione ni kilichofuata. Oktoba alirudi Doha kwa mashindano ya dunia, akakimbia mbio za timu, na timu yake ikawa ya pili. Katika mbio zile wanaanza wanawake sita, na saa inasimama anapofika wa nne. Mwenye nguvu akiwakimbia wenzake hapati kitu. Lazima afike nao.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, mkienda hospitali, semeni pale mapokezi: "Swahili interpreter, please." Maneno matatu tu, mtoto asiyaseme kwa niaba yenu. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inapaswa kumtoa mkalimani bila malipo. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Siyo msaada, na hamumsumbui mtu. Kama lugha ya nyumbani ni Kibembe au Kinyarwanda, tajeni hiyo.

Pili, barua isiyoeleweka msimpe mtoto aliyetoka shule sasa hivi. Leteni ofisini. Hata kama ni matangazo ya duka, hatutacheka.

Tatu, undeni safu zenu. Katika majengo mnayokaa kuna mama anayejua basi, kuna baba mwenye gari, kuna mzee anayeweza kukaa na watoto. Wiki hii wewe, wiki ijayo mwenzako. Na wale mnaofika sasa mkaona waliotangulia wameshajaza safu yao, msibanwe ukingoni kwa aibu. Anzeni ya pili.

Na ninyi vijana mnaotafsiri: mkiona neno limekuwa zito, mna ruhusa ya kusema, "Hili siliwezi, tafuteni mkalimani." Hiyo siyo kukosa heshima kwa wazazi. Mimi ningelisema siku ile, mama angeanza dawa mapema.

Chai iko tayari kule nyuma. Kabla hamjaondoka, andikeni majina yenu kwenye karatasi ya zamu za usafiri iliyoko mlangoni. Langu ni la kwanza, nimechukua Jumamosi.