Kitenzi "Sukuma" na Jamaa Zake: Nguvu, Maana na Dhamana ya Msemaji



Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na neno la Kiingereza push, mkono wake huandika "sukuma" kabla akili haijauliza swali. Kamusi inamruhusu. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kamusi imempa mlango tu, wala haijampa nyumba nzima. Kiswahili kina jamii kubwa ya vitenzi vya kutia nguvu, na kila kimoja kina zamu yake. Anayevichanganya huharibu mtindo, na pamoja na mtindo hupoteza habari ya nani alitenda, nani alitendwa, na kilichotendwa kilikwenda wapi.

Mahali pa kuanzia uchunguzi huu ni Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Mahali hapa panafaa kwa sababu ya jina la wenyeji wake. Wapo wasemaji wa Kiswahili wanaodhani kwamba Wasukuma waliitwa hivyo kwa kuwa ni watu wa kusukuma: wenye misuli, wa jembe na mkokoteni. Dhana hiyo huchekesha barazani, lakini ndani yake mna dharau, kwani humgeuza mtu kuwa nguvu isiyo na fikra. Tena si kweli. Katika Kisukuma na Kinyamwezi, sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Wasukuma, basi, ni watu wa kaskazini, kwa mtazamo wa jirani zao wa Unyamwezi. Na kwa kuwa dira hugeuka kulingana na aliyeishika, Wasukuma wenyewe huwaita wenzao wa upande wa kusini Badakama.

Hapa tuna maneno mawili yaliyofanana sura bila ya kuwa na nasaba. Kisukuma ni lugha ya toni, kama wataalamu wake, akiwamo Herman Batibo aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1985, walivyokwisha kueleza; Kiswahili Sanifu si lugha ya toni. Anayelinganisha maneno ya lugha hizi mbili kwa kuangalia herufi peke yake hulinganisha vivuli. Funzo la kwanza ni hilo: kufanana kwa umbo si ushahidi wa maana.

Funzo la pili ni kinyume chake: nasaba inaweza kujificha nyuma ya maana zilizoachana. Katika Kiganda, kusukuma ni kusindika. Katika Kigikuyu ni gũtindĩka, neno lile lile lenye mabadiliko ya sauti yanayotarajiwa. Kiswahili nacho kina "sindika", lakini hakisemi kwamba mtu amesindika gari lililokwama. Mtu husindika mafuta, husindika mlango anapouegesha bila kuufunga kwa komeo, na siku hizi viwanda husindika maziwa na matunda. Kutokana na kitenzi hicho tunapata "sindikiza", yaani kumtoa mgeni na kwenda naye hatua kadhaa. Katika matumizi haya yote msukumo wa kale ungali unaonekana: mbegu husukumwa hata zitoe mafuta, mlango husukumwa hata ukutane na kizingiti, na mgeni husukumwa kwa upole aelekee kwao. "Sukuma" ilipotwaa maana ya jumla, "sindika" ilibaki na kazi maalumu.

Je, kazi hizo maalumu hupangwaje? Wanafunzi wengi hudhani kwamba vitenzi hivi hutofautiana kwa kiasi cha nguvu, kana kwamba "kumba" ni "sukuma" iliyoongezwa nguvu. Kipimo hicho hakitoshi. Maswali matatu hutenganisha vizuri zaidi.

Swali la kwanza: kinachotiwa nguvu huenda wapi? Kinachosukumwa huondoka mahali pake na kumwacha au kumtangulia mtendaji. Kinachogandamizwa hubaki pale pale, nguvu ikitoka juu. Kinachobanwa hupata nguvu kutoka pande mbili. Kinachokamuliwa au kuminywa hutoa kilichomo ndani. Kinachoshindiliwa huingizwa katika chombo na kurundikwa hata nafasi iishe. Mkulima wa pamba wa Shinyanga hahitaji mhadhara juu ya jambo hili. Pamba yake huishindilia katika gunia, kiwandani huchambuliwa, na mbegu zake husindikwa mafuta. Mtu akisema kwamba pamba "imesukumwa" katika gunia ataeleweka, lakini atajulikana kuwa hajawahi kulijaza.

Swali la pili: mtendaji yuko wapi? Anayekumba hutumia mwili wake mzima, na ndiyo maana watu hupigana vikumbo katika kugombea basi. Anayeswaga ng'ombe hutembea nyuma yao, naye huenda asiwaguse kabisa. Anayesindikiza huenda sambamba. Anayekokota yuko mbele. Mkokoteni ulipata jina lake kwa huyu wa mbele, ingawa penye mlima mara nyingi kuna mwingine nyuma anayesukuma, ambaye jina la chombo limemsahau.

Swali la tatu: je, kinachotiwa nguvu kina hiari? Jiwe halina. Mtu anayo, na kwa ajili yake lugha imeweka ngazi. Mtu huhimizwa, akachagizwa, akashinikizwa, akalazimishwa, akashurutishwa. Anayehimizwa bado anaweza kukataa bila hasara kubwa. Anayeshurutishwa hana njia.

Ngazi hii si pambo la wanazuoni. Katika ukanda wa madini wa Geita na Kahama, historia yenyewe imesimama juu ya vitenzi. Mwaka 1996, wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliyaacha maduara yao ili kupisha mgodi mkubwa. Sentensi hii imetumia "waliyaacha", na tayari imechagua upande. Mwingine ataandika "waliondolewa", akikiri kwamba palikuwa na mtendaji bila kumtaja. Mwingine ataandika "walifukuzwa". Na yalitolewa madai mazito zaidi, kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni. Madai hayo serikali na wenye mgodi waliyakanusha. Si kazi ya isimu kuamua kesi hiyo. Kazi yake ni kuonyesha kwamba baina ya "ondoka" na "ondolewa" kuna viambishi vichache tu, na kwamba katika viambishi hivyo ndimo dhamana ya mtendaji inamokaa. Anayeandika "walisukumwa nje" kwa kuwa ndivyo Kiingereza kingesema, amewanyima wasomaji wake habari waliyokuwa na haki nayo.

Turudi Kolandoto, kwenye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913. Katika wodi yoyote ya uzazi nchini, mkunga humwambia mzazi, "Sukuma, mama." Wakati mwingine humwambia, "Usisukume bado." Neno ni moja, na uhai wa watu wawili umeliegemea. Uteuzi wake una hekima: kinachosukumwa huondoka mahali pake na kumwacha mtendaji, na ndilo tendo linalotakiwa. Mkunga akisema "jikaze", mzazi aweza kudhani kwamba anaambiwa avumilie, au akaze viungo, jambo ambalo ni tofauti na lililokusudiwa. Mzazi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, kama ilivyo kwa wengi katika vijiji vya Usukuma, anastahili kuelezwa neno hilo mapema, siku za kliniki, badala ya kulikuta katikati ya uchungu.

Katika hospitali hiyo hiyo mgonjwa husema ana "presha". Daftari la kitaaluma husema "shinikizo la damu". Na mwanafunzi wa fizikia, anayejifunza kwamba nguvu ikigawanywa kwa eneo hutoa "kanieneo", hukutana na neno la tatu kwa dhana inayokaribiana. Shinikizo, kwa asili, ni chombo cha kukamulia au kubania; nalo limepanda ngazi likawa ugonjwa, kisha likapanda tena likawa siasa, hata tukawa na vikundi vya shinikizo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na taasisi ya utafiti wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, zimefanya kazi kubwa ya istilahi. Lakini istilahi isiyofika kwenye benchi la wagonjwa hubaki kabatini. Tabibu mwema hujua maneno yote mawili, na hujua wakati wa kila moja.

Yafaa ieleweke kwamba mhadhara huu hauwalaumu wanaopanua matumizi ya "sukuma". Lugha hai hupanuka. Wakenya waliipa mboga jina la "sukuma wiki" kwa kuwa huwavusha wenye kipato kidogo hadi mwisho wa juma, na hakuna kamusi ya Kiingereza iliyowafundisha. Wanasiasa wetu wamesukuma gurudumu la maendeleo kwa miaka mingi, na watumishi huendelea kusukumiana kazi. Huo ni upanuzi uliotoka ndani, wenye picha ambayo msikilizaji anaiona. Kinacholalamikiwa ni uvivu wa kutafsiri, ambao huweka neno moja mahali pa ishirini na kuyaacha kumi na tisa yafe kwa kukosa kazi.

Wahenga walisema: asiyejua maana haambiwi maana. Chuo Kikuu hakina ruhusa ya kukubaliana nao kikamilifu, kwani kazi yake ni kumwambia huyo huyo asiyejua. Wanafunzi wanaotoka katika ukumbi huu kwenda kufundisha, kutafsiri na kuandika habari watakutana na neno push mara nyingi. Waulize kwanza: kilichotiwa nguvu kilikwenda wapi, mtendaji alikuwa wapi, na mtendwa alikuwa na hiari gani? Wakishajibu hayo, kitenzi kitakuja chenyewe. Nao watakuwa wamemtendea haki yule aliye nyuma ya mkokoteni, ambaye jina la chombo halikumkumbuka.