Ufadhili na Nyenzo za Masomo kwa Wanafunzi wa Hisabati Vyuoni: Mfano wa Machakos

Mwanafunzi wa hisabati katika chuo kikuu nchini Kenya hupitia mifumo miwili ya ufadhili isiyofanana. Katika shahada ya kwanza, pesa hufuata hali ya nyumbani kwao: mzazi anafanya kazi gani, ana watoto wangapi shuleni, anaishi wapi. Somo lenyewe halimwongezei mwanafunzi chochote. Baada ya shahada ya kwanza mizani hugeuka. Uhitaji peke yake haumfikishi mtu mbali. Wafadhili huuliza amesoma hisabati gani, kwa kina gani, na ni nani anayeweza kumshuhudia. Wengi huusikia mgeuko huo mwaka wa nne ukielekea ukingoni, ilhali yanayoulizwa hapo hujengwa tangu mwaka wa pili.

Mji wa Machakos uko kilomita zipatazo 63 kusini-mashariki mwa Nairobi, na Chuo Kikuu cha Machakos bado ni kichanga kwa hadhi. Mizizi yake ni chuo cha mafunzo cha mwaka 1957 kilichokuja kuwa taasisi ya ufundi. Mwaka 2011 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2016 kikapewa hati ya kujitegemea. Umri huo una uzito katika suala la ufadhili. Chuo kikongwe kina wahitimu waliotangulia kwenda kusoma kwa ufadhili Trieste, Cape Town au Uppsala, nao huwaandikia wadogo zao tangazo linapotoka. Katika chuo kichanga kamba hiyo bado inasokotwa, kwa hiyo habari anazozipata mwenzake wa Nairobi bila jasho, mwanafunzi wa Machakos hulazimika kuzitafuta mwenyewe.

Karo ya shahada ya kwanza huanzia serikalini. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na hutoa mikopo. Hazina ya Vyuo Vikuu husimamia ruzuku isiyolipwa. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 uliviunganisha viwili hivyo, na baadaye ukawagawa wanafunzi katika makundi matano. Kundi la kwanza hupata ruzuku ya asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikibakiwa na asilimia 5. Kundi la tano hupata ruzuku ya asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na familia hulipa asilimia 40. Kwa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, hiyo ndiyo tofauti ya nyumba kulipa 10,000 au 80,000. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na shauri likapelekwa Mahakama ya Rufaa.

Yote hutegemea fomu ya maelezo ya familia inayojazwa mtandaoni. Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mwanafunzi hujaza haraka haraka kwenye kibanda cha intaneti, huacha wazi sehemu ya ndugu walio shuleni, au hukosa cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki, kisha hujikuta katika kundi asilostahili. Nafasi ya kukata rufaa ipo, nayo yafaa itumiwe mapema na kwa hati kamili, maana karo ya muhula haisubiri. Upande wa mkopo, riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, na ulipaji hutazamiwa kuanza mwaka mmoja baada ya masomo kumalizika. Aliyekopa 50,000 kila mwaka kwa miaka minne anadaiwa 200,000, na riba ya mwaka mmoja juu ya kiasi hicho ni 8,000. Mwanafunzi wa hisabati hana udhuru wa kutoijua hesabu hiyo kabla ya kutia saini.

Basari huziba pengo la sehemu ya familia. Kaunti ya Machakos ina maeneo bunge manane: Machakos Mjini, Mavoko, Masinga, Yatta, Kangundo, Matungulu, Kathiani na Mwala. Kila moja limekuwa likitoa basari kupitia hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF. Fomu hupitia kwa chifu na kamati, na hundi huandikwa kwa jina la chuo. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya NG-CDF ya 2015 inakinzana na Katiba, uamuzi uliokatiwa rufaa. Basari za kaunti nazo zina utata wake, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limeweka vyuo vikuu chini ya serikali kuu. Ni busara basi kuihesabu basari kama nyongeza, mpango mzima wa karo usiegemezwe juu yake.

Nyenzo za masomo ni suala lenye sura tofauti. Hisabati haidai maabara wala kemikali. Inadai vitabu, muda na watu wa kujadiliana nao, na katika vitabu miaka ya karibuni imeleta neema kubwa ambayo haijatumiwa ipasavyo. Vipo vitabu kamili vya kozi za shahada ya kwanza ambavyo waandishi wenyewe wameviweka huru, kwa hiyo hakuna haja ya nakala za wizi. Jim Hefferon ametoa kitabu cha aljebra ya mstari pamoja na majibu ya mazoezi yake yote. Richard Hammack ana kitabu cha mbinu za kuthibitisha, na kinamfaa hasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetoka sekondari akiwa hajawahi kuandika uthibitisho hata mmoja. Jiří Lebl ameandika kuhusu uchanganuzi wa namba halisi, na Thomas Judson kuhusu aljebra dhahania. Vitabu hivyo vinne, vikisomwa na mazoezi yake kufanywa kwa kalamu, vinabeba sehemu kubwa ya kile kitakachoulizwa baadaye na mfadhili wa uzamili. Simu iliyojaa faili mia za PDF zisizofunguliwa haimpi mtu chochote.

Mihadhara ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts hutazamwa bure. Makala za utafiti ziko katika arXiv, iliyoanzishwa mwaka 1991, na faharasa ya zbMATH, ambayo zamani ililipiwa, imekuwa huru tangu 2021. Kwa takwimu ipo programu ya R, kwa michoro GeoGebra, kwa hesabu za aljebra SageMath, zote bila malipo. LaTeX, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuchapa hisabati duniani, nayo ni bure, na mradi wa mwaka wa nne uliochapwa kwa LaTeX huwa tayari umevaa nguo za taaluma. Gharama iliyobaki ni ya bando. Mtandao wa vyuo vya Kenya, KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, hufikisha intaneti vyuoni. Mwanafunzi anayepanga chumba nje ya chuo hupakua faili akiwa chuoni na kusomea nyumbani bila mtandao.

Watu wa kujadiliana nao hawapakuliwi. Kundi la wanafunzi wanne au watano wanaokutana kila wiki mbele ya ubao lina thamani zaidi kuliko kitabu chochote kilichotajwa. Kundi linaloujadili uthibitisho kwa Kiswahili au Kikamba kabla ya kuuandika kwa Kiingereza hugundua haraka pale hoja iliporuka hatua, kwa sababu katika lugha ya nyumbani mtu hawezi kujificha nyuma ya maneno aliyoyakariri. Na mhadhiri anayealikwa kusikiliza mara moja moja ndiye atakayekuwa na la kuandika katika barua ya mapendekezo.

Barua hiyo ndiyo mlango wa sehemu ya pili ya ufadhili. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, ilianzishwa na mwanafizikia Neil Turok huko Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003, kisha ikafungua vituo vingine, kikiwemo cha Senegal mwaka 2011, Ghana, Kameruni na Rwanda. Uzamili wake huchukua takriban mwaka mmoja, na ufadhili hubeba masomo, malazi na chakula. Hupokea wenye shahada ya hisabati, au ya sayansi na uhandisi iliyojaa hisabati. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, ICTP, kilichoanzishwa na Abdus Salam mjini Trieste, Italia, mwaka 1964, kina diploma ya uzamili ya mwaka mmoja katika hisabati kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, nayo hulipiwa kikamilifu; ushindani wake ni mkali, na wengi huikabili wakiwa na uzamili tayari. Taasisi hizo mbili hazitozi ada ya maombi. Anayedai pesa kwa M-Pesa ili “kuharakisha nafasi ya AIMS” ni tapeli.

Karibu na nyumbani upo Mpango wa Hisabati wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, EAUMP, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, na ambao umekuwa ukiandaa kozi fupi na kusaidia masomo ya juu katika vyuo vya kanda. CIMPA, shirika la Nice, Ufaransa, lililoundwa mwaka 1978, huandaa skuli za utafiti katika nchi zinazoendelea. Shirika la DAAD la Ujerumani hutoa ufadhili wa uzamili na uzamifu, na shirika la OWSD la Trieste huwafadhili wanasayansi wanawake katika uzamifu. Wanaoelekea kazi ya aktuaria hukuta njia nyingine: Taasisi ya Aktuaria ya Uingereza hupunguza ada za mitihani kwa wenye kipato kidogo, punguzo linaloombwa kabla ya kujisajili.

Mwanafunzi wa shahada ya elimu ana tatizo lake. Kwa kuwa anasomea masomo mawili ya kufundishia, vitengo vyake vya hisabati huwa vichache, na hati yake ya matokeo huonekana nyepesi mbele ya kamati ya uteuzi. Dawa yake ni kuchagua uchanganuzi, aljebra dhahania na uwezekano kila panapokuwa na nafasi ya kuchagua, hata kama alama zitashuka kidogo. Kamati hutazama alama pamoja na jina la kozi.

Yabaki makaratasi. Hati ya matokeo ya miaka iliyopita, barua mbili au tatu za wahadhiri walioombwa wiki kadhaa kabla, na maelezo mafupi ya hisabati anayotaka kusoma, vyote vyafaa viwe tayari kufikia muhula wa kwanza wa mwaka wa nne. Pasipoti iombwe mwaka wa tatu, kwa sababu Italia na Afrika Kusini haziingiliki bila hiyo. Kwa kituo cha AIMS cha Rwanda mambo ni tofauti: tangu 2014 Mkenya huingia nchini humo kwa kitambulisho cha taifa.