Mizani ya Watu Wawili

Somo: Luka 2:41-52



Sisi wa Kitui na Makueni twajua kuuza ndengu. Hakuna apimaye peke yake nyumbani, kisha amwambie mnunuzi aamini tu. Gunia hupimwa mbele ya wote wawili.

Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, tulifundisha watoto nyumbani. Kila jioni mtoto wetu alishika kitabu akasoma, nasi tukamshukuru Mungu. Januari 2021 akarudi shuleni. Mwalimu akampa kitabu kingine, naye akanyamaza. Kumbe alikuwa amekariri! Sisi tuliompenda kuliko wote hatukuona.

Wako wazazi wapendao kufundisha nyumbani siku zote. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi walioipinga. Wengine walihuzunika. Hata hivyo tujiulize: twaogopa nini mtoto wetu akiulizwa na mwingine?

Yusufu na Mariamu walimlea Yesu katika kicho cha Mungu. Alipokuwa na miaka 12 walimkuta hekaluni kati ya walimu, akisikiliza, akiuliza na kujibu. Maswali yale hayakuyaaibisha malezi ya nyumbani.

Leo jioni, mpe mtoto kitabu asichokijua. Kesho umwendee mwalimu wake, ukamsikilize.

Tuombe: Ee Bwana, utuondolee kiburi, tusije tukawaficha watoto wako. Amina.