Barua ya Kukataliwa Kujenga

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, lakini mashimo hayafungwi kwa tangazo. Anayenyimwa kibali cha kujenga katika ardhi iliyochimbwa asiridhike na jibu la mdomo. Adai barua yenye sababu na tarehe. Huenda sababu ni ya kweli, kwani zebaki haionekani kwa macho. Lakini ikiwa udongo haukupimwa, hapo pana hoja. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayeishitaki halmashauri hutoa kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa. Ni muda mrefu kwa mama mpangaji; basi notisi ipelekwe mapema, na nakala yake igongwe muhuri wa mapokezi.