Mcheza Kwao Hutuzwa, Ila Hawa Walinyimwa



Leo twendeni Marekani, kwenye vyuo vikuu. Kule kuna mpira wao, ule wa kuvaa helmeti. Uwanja wa chuo unajaza watu hata laki moja. Kocha analipwa mamilioni ya dola, chuo kinavuna hela za TV. Mchezaji je? Kwa miaka mingi alipewa ada, chakula na malazi, basi. Akihama chuo, anakaa nje mwaka mzima. Kocha akihama? Kesho yake yuko kazini!

Nani alibadilisha? Si hisani ya wakubwa. Ed O'Bannon, aliyecheza kikapu UCLA, alifungua kesi mwaka 2009. Wengine wakafuata. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaibwaga NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, kwa kura 9 kwa 0. Mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao, na kuhama mara moja bila adhabu. Tangu Julai 2025, vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja.

Sasa wakubwa wanalia: "Vijana wanahamahama kufuata hela!" Kwani makocha wanafuata nini?

Tatizo lipo, tusidanganyane. Wapo wanaohama wakakosa pa kupokelewa. Kila mmoja anapatana kivyake, hawana chama cha wafanyakazi cha kuwasemea. Dawa si kuwafunga kamba tena. Dawa ni wakae mezani kwa pamoja.

Haki bila umoja ni nusu haki. Tujipange!