Kuhesabu Wachache ili Kuwajua Wengi

Maneno yetu ya leo yahusu jambo linaloonekana kuwa la mabingwa wa hesabu peke yao, lakini latugusa sisi sote wenye watoto. Serikali ikitumia fedha nyingi kwa ajili ya chanjo, yajuaje kama chanjo ile imewafikia watoto wenyewe?

Wengi watajibu kwamba vitabu vya zahanati vitasema. Vitabu hivyo ni vya lazima, nasi twawashukuru wauguzi wanaoviandika. Lakini kitabu cha zahanati humjua aliyefika, wala hakimjui asiyefika. Tuseme zahanati moja imekadiriwa kuwa na watoto 900 wa kuchanjwa kwa mwaka, nayo imechanja 945. Hesabu yaonyesha 105 kwa mia, na wakubwa wafurahi. Kumbe 200 miongoni mwao wametoka kata jirani, na watoto wa pale pale waliochanjwa ni 745 tu. Watoto 155 wamekosa, na yamkini wengi wao wako ufukoni, katika makambi ya wavuvi. Surua ikiingia haitasoma kitabu. Itawatafuta hao hao. Nao waganga wasema kwamba ili surua ikose njia, yapasa watoto kama 95 katika kila 100 wawe na kinga.

Je, tuingie basi kila nyumba, toka Nyakato mpaka Bunda na Butiama? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 katika Mkoa wa Mara. Kazi hiyo haiwezekani kila mwaka. Hapo ndipo tunapojifunza kwa mnunuzi wa nafaka. Yeye hamwagi gunia zima. Huchoma bambo, akatoa punje chache, akazitazama. Lakini mnunuzi mwenye akili hachomi juu tu, kwa kuwa muuzaji mjanja huweka mtama mzuri mdomoni mwa gunia. Huchoma juu, katikati na chini.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa na kanuni ya namna hiyo kwa kupima chanjo, nayo ilielezwa kwa maandishi mwaka 1982. Huandikwa vijiji na mitaa yote ya wilaya pamoja na idadi ya watu wake, na idadi hizo hujumlishwa moja baada ya moja. Tuseme jumla ni watu 300,000. Hugawanywa kwa 30, ikapatikana 10,000. Kisha hupigwa kura ya namba moja kati ya 1 na 10,000. Tuseme imetoka 6,400. Kijiji anachoangukia mtu wa 6,400 katika orodha ndicho kilichochaguliwa; halafu cha mtu wa 16,400, na cha 26,400, hata mahali 30 patimie. Hivyo kijiji kikubwa kina bahati kubwa, na kidogo kina bahati kwa kadiri yake, wala hapana mkubwa awezaye kusema, "Nendeni kule kwangu." Katika kila mahali nyumba ya kwanza hupatikana kwa kura, kisha wapimaji huenda nyumba kwa nyumba mpaka wapate watoto 7 wenye umri wa miezi 12 hata 23, wakatazama kadi zao. Jumla ni watoto 210.

Je, watoto 210 watosha? Watosha kwa kazi yao. Wakionekana 80 kwa mia wamechanjwa, yamkini kweli ya wilaya nzima iko kati ya 70 na 90. Hawatoshi kuhukumu Nyakato peke yake kwa watoto wake 7, wala kusema kuwa wilaya yenye 82 imeishinda yenye 78. Tena wingi hauponyi uchaguzi mbaya. Ukipima watoto 2,000 wa kando ya barabara kuu, utajua habari za barabara kuu tu. Kwa sababu hiyo mwongozo mpya wa shirika hilo, wa mwaka 2018, wataka nyumba ziorodheshwe kwanza, ndipo zichaguliwe kwa kura. Na asiyekuwapo arudiwe, wala jirani yake asishike mahali pake.

Faida ya njia hii ilionekana kwa jirani zetu wa Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994. Watafiti walitaka kujua kama kutibu vema magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati kungepunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Walichukua jumuiya 12, wakazipanga jozi 6 zilizofanana. Katika kila jozi moja ilipata matibabu bora, na ya pili ikangoja. Hawakuwatazama waliofika kutibiwa tu, bali walichagua kwa kura watu wazima kama 1,000 katika kila jumuiya. Baada ya miaka 2, katika jumuiya zilizopata matibabu yale, watu 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa. Katika zile nyingine, 82 kati ya 4,400. Watafiti wakakadiria kuwa maambukizo yalipungua kama 40 kwa mia. Lau wangaliwatazama wagonjwa wa zahanati peke yao, wasingaliweza kuyajua hayo.

Basi ndugu wasikilizaji, wapimaji wakifika mtaani, mwenyekiti asiwaongoze kwenye nyumba nzuri, akaficha zile za aibu. Mama naye aitunze kadi ya mtoto, na kama mtoto hakuchanjwa, aseme kweli bila hofu. Nyumba moja iliyochaguliwa kwa kura yasema kwa niaba ya nyingi ambazo hazikuulizwa. Ikisema uongo, dawa zitapelekwa kwingine, na watoto wa ufukoni watabaki wakiingoja surua.