Mizani ya Masomo kwa Mtoto Mwenye Kuhitaji Msaada

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Asomaye Sura ya 'Abasa humkumbuka Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba kipofu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kutaka elimu. Baadaye kipofu huyo aliadhini Madina, kama Bilal. Basi haki ya mtu wa namna hiyo kufundishwa si jambo geni kwa Waislamu.

Serikali nayo imeikubali. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yataja kukuzwa kwa lugha ya ishara ya viziwi. Na elimu ya msingi bila karo ilipoanza mwaka 1997, kwa watoto wanne wa kila jamaa, mwenye ulemavu alitakiwa atangulizwe.

Lakini kuandikwa jina shuleni siko kufundishwa. Mpango wa mwaka 2007 uliagiza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya nyumbani, ambayo kwa wengi wa Karambi ni Lukonzo. Mtoto kiziwi hakuisikia lugha hiyo kwa mamaye. Kwa hiyo somo lake la kwanza ni lugha yenyewe, ya mikono na picha. Na jamaa zake hawana budi kujifunza pamoja naye, maana hakuna azungumzaye peke yake.

Wako wasemao mtoto huyo asuke mikeka tu, yatosha. Wengine wataka asome sawasawa na wenzake, neno kwa neno. Wote wameelemea upande mmoja. Mizani ni kumpa mazungumzo, kusoma na hesabu kwa kadiri yake, dini, kujitunza mwili, kazi ya mkono na michezo. Lisikose hata moja.

Tena masomo hayo hushikana. Mtoto mzito wa kufahamu akifundishwa kutawadha, hujifunza usafi, utaratibu wa viungo, na kuhesabu hadi tatu. Akipima kahawa, au akirudisha chenji sokoni Mpondwe, hesabu hupata maana.

Basi aliyefichwa nyumbani na atolewe, shule na madrasa zimpokee, na mwalimu aanze kwa kuuliza, "Anaweza nini?" kabla ya kuuliza, "Amekosa nini?" Mtoto ni amana, na kila amana ina siku ya kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.